Mapigo 46

Kwa miezi saba nilikuwa nikijipongeza kwa ugonjwa.

Nina daftari la mazoezi, la karatasi, lenye mistari. Kila asubuhi kabla sijainuka kitandani naweka vidole viwili shingoni, nahesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kisha naandika upande wa kulia. Upande wa kushoto naandika mbio zangu: umbali, muda, na neno moja la jinsi nilivyojisikia. Nilipoanza kukimbia moyo wangu ulipiga mara 72 nikiwa nimelala. Baada ya miaka miwili ukashuka hadi 58, na kila mkimbiaji anajua maana yake. Moyo uliozoea kazi husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kuhangaika. Basi 58 ilipogeuka 54, kisha 50, kisha 46, niliizungushia ile 46 duara la kalamu nyekundu na kumtumia picha rafiki ninayekimbia naye.

Upande wa kushoto mambo yalikuwa mengine. Kilomita tano nilizokuwa nikizimaliza kwa dakika 24 na sekunde 10 zilifika 25, zikafika 26, na siku moja isiyo na upepo wala mlima zikasimama kwenye 27 na sekunde 40. Lile neno moja la pembeni nalo lilibadilika, kutoka “safi” hadi “mzito” hadi “matope”. Nilikuwa nikikimbia kama mtu aliyevaa makoti mawili. Rafiki yangu alikuwa na maelezo mafupi: “Ndugu yangu, umri huo.” Mimi nilikuwa na maelezo mafupi zaidi, nayo yalikuwa uvivu. Nikaongeza mazoezi. Nikazidi kuwa mzito.

Kilichonipeleka kwa daktari wala hakikuwa mbio. Ni baridi. Nilikuwa natetemeka ndani ya chumba ambamo wenzangu walikuwa wamefungua madirisha.

Daktari, mama mmoja wa makamo asiye na haraka, aliniuliza maswali kama sita, kisha akaniambia nipige magoti kwenye kiti, miguu ikining’inia nyuma. Akachukua kinyundo cha mpira akanigonga juu ya kisigino, penye ule ukano mnene. Mguu uliruka kama kawaida. “Sasa angalia unavyorudi,” akasema. Sikuweza kuangalia, nilikuwa nimempa mgongo, lakini niliuhisi. Unyayo uliruka mara moja, kisha ukarudi taratibu, kama mlango wenye springi iliyochoka. Akagonga tena. Vilevile. “Twende tukapime damu,” akasema, “ingawa mimi nimeshapata jibu langu.”

Jibu la maabara lilikuja kesho yake. Kuna homoni iitwayo TSH, ambayo tezi ya pituitari chini ya ubongo huitoa ili kuiamrisha tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya koo, ifanye kazi. Kwenye karatasi yangu kiwango cha kawaida kiliandikwa kati ya 0.4 na 4.0. Changu kilikuwa 22. Maana yake ubongo ulikuwa unapiga kelele, na tezi haijibu.

Nilitoka pale na kidonge kidogo cheupe na swali moja lililonisumbua kuliko ugonjwa wenyewe. Inakuwaje namba moja, mapigo 46, iwe cheti cha siha kwa mtu mmoja na dalili ya ugonjwa kwa mwingine? Tangu hapo nimekuwa nikisoma kuhusu homoni na vipimo vya mwili kwa hamu ambayo watu wa nyumbani kwangu wanaiona ni ugonjwa wa pili.

Tuanze na ule mguu. Msuli hukaza pale madini ya kalsiamu yanapomwagika ndani ya seli zake, na hulegea pale pampu ndogo ndogo zinapoirudisha kalsiamu hiyo ghalani. Homoni ya thairoidi ndiyo inayoamua pampu hizo zitengenezwe ngapi. Ikipungua, pampu zinapungua, na msuli unakaza vizuri lakini unachelewa kuachia. Fikiria sasa maana yake kwa mkimbiaji. Kila hatua ni ugomvi wa misuli miwili, mmoja wa mbele ya paja na mmoja wa nyuma, na mmoja akichelewa kuachia, mwenzake analazimika kumburuta. Wakati vipimo vya damu vya homoni hii vilikuwa bado havijaenea, madaktari walikuwa na mashine za kupima muda ambao kisigino kinatumia kurudi baada ya kugongwa. Kasi ya mguu ilikuwa ndiyo kipimo cha tezi ya kooni. Mimi nilikuwa na kipimo hicho hicho kwenye daftari, ila nilikisoma kama tabia mbaya.

Kabla ya hapo walipima pumzi. Mwaka 1895 daktari Adolf Magnus-Levy, huko Ujerumani, alionyesha kwamba mgonjwa ambaye thairoidi yake imezidi hutumia oksijeni nyingi hata akiwa amelala tu, na ambaye yake imepungua hutumia kidogo. Kwa miongo kadhaa watu wakawa wanalazwa chali asubuhi na njaa, wakipumulia ndani ya mrija, ili tezi yao ihukumiwe kwa hewa wanayoitumia. Napenda sana picha hiyo. Inaonyesha kwamba uhusiano wa homoni na utendaji wa mwili ulijulikana kwa saa na mizani kabla mtu yeyote hajaiona homoni yenyewe. Hata neno “homoni” lilikuwa bado. Lilikuja mwaka 1905, Ernest Starling alipolitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea.

Na hapa lazima nimtaje mzee Brown-Séquard, ambaye namcheka na kumheshimu kwa wakati mmoja. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Mauritius mwaka 1817 na akawa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa Paris. Juni 1889, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wasomi wenzake akawaeleza kwamba amejidunga maji yaliyotolewa kwenye korodani za mbwa na panya wa Guinea zilizopondwa, na kwamba ujana umerudi. Alikuwa amepima! Kwa kipimo cha nguvu cha springi, mkono wake ulikuwa umeongezeka kama kilo 6. Alipima pia umbali ambao mkojo wake unaruka, akaona umeongezeka kwa robo. Habari ikaenea dunia nzima na maduka ya dawa yakaanza kuuza dawa ya ujana.

Mwaka 2002 watafiti wa Australia waliitengeneza upya dawa yake kwa njia yake ile ile. Testosteroni, homoni ya kiume, iliyokuwemo ilikuwa kidogo mno kuweza kufanya lolote. Homoni hiyo haipendi maji, na korodani haziihifadhi. Huitengeneza na kuitoa papo hapo. Mzee alipona kwa kuamini. Kilo sita za kuamini, na bado naziona ni nyingi.

Lakini miaka miwili tu baada yake, mwaka 1891, daktari kijana wa Newcastle, Uingereza, aitwaye George Murray alifanya karibu jambo lile lile kwa tezi nyingine. Alichukua thairoidi za kondoo, akatoa maji yake, akamdunga mwanamke wa miaka 46 aliyekuwa amevimba uso, amepooza kwa uzito wa mwili na baridi. Mwanamke yule aliinuka. Akaishi miaka 28 zaidi, na hesabu iliyoachwa inasema katika maisha yake alitumia tezi za kondoo zaidi ya 870. Tofauti ni kwamba thairoidi, kinyume na korodani, ni ghala. Huweka akiba ya homoni ya wiki nyingi, na ukiiponda unapata kitu. Kwa hiyo kidonge changu cheupe ni mjukuu wa Murray, na matangazo yote ya “ongeza nguvu za kiume” ni wajukuu wa Brown-Séquard.

Sisemi kwamba testosteroni haifanyi kazi. Inafanya, tena sana. Jaribio ambalo mimi huwaelekeza watu wanaobishana jimu ni la Shalender Bhasin na wenzake, lililochapishwa mwaka 1996. Wanaume 43 waligawanywa makundi manne: wengine walidungwa testosteroni miligramu 600 kila wiki, wengine dawa bandia isiyo na kitu; kila upande wengine wakanyanyua vyuma na wengine wakakatazwa mazoezi. Baada ya wiki 10, waliodungwa bila kufanya mazoezi walikuwa wameongeza kilo 9 kwenye chuma cha kunyanyua ukiwa umelala chali. Soma tena: wamekaa tu. Wenzao wa dawa bandia waliokaa tu walipungua kilo 1. Waliochanganya homoni na mazoezi waliongeza kilo 22, na kilo 6.1 za mwili usio mafuta. Kipimo kile ni mara kadhaa ya kinachotolewa kwa mgonjwa, na jaribio halikukaa muda wa kutosha kuonyesha madhara yanayokuja baadaye kwenye moyo na uzazi. Lakini kuhusu nguvu, ubishi uliisha.

Mwili wa kawaida hufanya jaribio hilo hilo polepole zaidi, wakati wa balehe. Kabla ya hapo wavulana na wasichana wanakaribiana mno kwenye saa. Kuanzia miaka 12 au 13 wanaachana, na wakishakuwa wakubwa testosteroni ya wanaume huwa kama nanomoli 8 hadi 29 kwa lita ya damu, ya wanawake mara nyingi haifiki 2. Matokeo yake yameandikwa kwenye rekodi. Mita 800: David Rudisha dakika 1 na sekunde 40.91, London 2012. Jarmila Kratochvílová dakika 1 na sekunde 53.28, Munich 1983. Pengo ni kama asilimia 12. Kuruka chini, ambako nguvu ya ghafla ndiyo kila kitu, Mike Powell mita 8.95 na Galina Chistyakova mita 7.52, pengo linafika 16.

Kosa linaanza pale mtu anapochukua pengo hilo kubwa na kulishusha ndani ya kundi moja, akidhani mwanaume mwenye 25 atamshinda mwenye 12. Saa haisemi hivyo. Utafiti mmoja uliowapima wanamichezo 693 wa ngazi za juu mara baada ya mashindano, uliochapishwa 2014, ulikuta takribani mwanaume mmoja kati ya sita ana testosteroni iliyo chini ya kiwango cha kawaida. Hao ni watu waliotoka kushindana na bora wa dunia. Kuna pia ile imani ya jimu kwamba ukianza na mazoezi mazito ya miguu, homoni zitapanda na mikono nayo itanufaika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliijaribu kwa ujanja: mtu yule yule, mkono mmoja anaufanyisha mazoezi peke yake, mwingine anaufanyisha siku nyingine pamoja na miguu, homoni zikiwa juu. Mikono ikakua sawasawa. Kupanda kwa nusu saa hakukuwa na maana yoyote.

Nilipofika hapo ndipo nilipoanza kuelewa 46 yangu. Homoni ni ujumbe. Kiwango chake kwenye damu kinaeleza ni barua ngapi zimetumwa. Hakielezi nani amezisoma, wala lini.

Kuhusu nani amezisoma, nina watu wawili ambao huwa nawaweka pamoja kichwani, ingawa hawakuwahi kukutana. María José Martínez-Patiño alikuwa mwanariadha wa Hispania wa kuruka viunzi. Mwaka 1985, huko Kobe, kipimo cha jinsia kilimkuta na kromosomu XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume. Alipoteza nafasi, rekodi, mchumba na marafiki, kama alivyoandika mwenyewe baadaye. Mwili wake ulikuwa ukitengeneza testosteroni nyingi, lakini vipokezi vyake, yaani masikio ya seli yanayoisikia homoni hiyo, havikuwa vikifanya kazi hata kidogo. Barua zilijaa mlangoni na hakuna aliyejua kusoma. Misuli yake haikupata faida yoyote kutokana nayo. Alirudishiwa haki ya kushindana mwaka 1988.

Wa pili ni Eero Mäntyranta, Mfini, bingwa wa kuteleza kwenye theluji aliyechukua dhahabu mbili kwenye Olimpiki ya Innsbruck mwaka 1964. Damu yake ilikuwa nzito kiasi cha watu kumtilia shaka: himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, ilizidi gramu 200 kwa lita, wakati wanaume wengi wako kati ya 130 na 175. Mwaka 1993 wanasayansi walipata sababu. Kuna homoni iitwayo EPO ambayo figo hutuma pindi oksijeni inapopungua, ikiuambia uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Mäntyranta hakuwa na EPO nyingi. Kipokezi chake kilizaliwa bila breki. Barua moja ilisomwa mara kumi.

Ukichukua damu ya hawa wawili na kuangalia kiwango cha homoni peke yake, utamwogopa Martínez-Patiño na kumpuuza Mäntyranta. Utakuwa umekosea pande zote mbili. Binafsi nadhani sehemu kubwa ya makelele ya michezoni kuhusu nani ana homoni kiasi gani ingepungua kama watu wangeanza na swali la vipokezi, ingawa najua haliingii kirahisi kwenye kichwa cha habari.

Hiyo EPO ina visa vyake. Mwaka 1977 Eugene Goldwasser na wenzake waliisafisha kwa mara ya kwanza kutoka kwenye lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani waliopungukiwa damu, wakaambulia miligramu chache. (Historia ya homoni, nimegundua, kwa sehemu kubwa ni historia ya mkojo.) Iliposhaweza kutengenezwa kiwandani, kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, wagonjwa wa figo walipata uhai na mbio za baiskeli zikapata balaa. Mwaka 1997 chama cha baiskeli duniani kikalazimika kuweka mpaka: chembe nyekundu zikizidi asilimia 50 ya damu, mwendeshaji wa kiume hakuruhusiwa kuanza. Kipimo cha EPO yenyewe kilitumika Olimpiki ya Sydney, 2000.

Nifungue mabano kidogo. Kwa Kiswahili vitu hivi vyote tunaviita “dawa za kusisimua misuli”. Jina limekaa vizuri mdomoni na linapotosha. EPO haimsisimui yeyote, inatengeneza damu. Mwaka 2008, kwenye Olimpiki ya Beijing, mlenga shabaha Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang’anywa medali mbili kwa propranololi, dawa inayofanya kinyume kabisa: inaziba masikio ya moyo yasiisikie adrenalini, mapigo yanashuka, mkono unatulia. Hapo moyo wa polepole ndio ulikuwa wizi.

Adrenalini inanileta kwenye lile swali la lini. Homoni hii hufanya kazi kwa sekunde na huisha kwenye damu ndani ya dakika chache. Ukiwa kwenye mstari wa kuanzia unaisikia masikioni. EPO ni mtu wa wiki. Ukipanda kambi ya mlimani, figo huanza kutuma ndani ya saa chache, lakini chembe mpya zinahitaji siku kadhaa kukomaa, na ongezeko la kuonekana kwenye saa hudai wiki tatu au nne. Testosteroni ni ya miezi na, kwa balehe, miaka. Homoni za mzunguko wa hedhi hubadilika kila wiki: baada ya yai kutoka, projesteroni hupandisha joto la mwili kwa nyuzi 0.3 hadi 0.5, kipimo ambacho kipimajoto cha kawaida kinakipata. Lakini kwenye mbio na vyuma, tafiti zikijumlishwa, tofauti ya wastani kati ya siku za mzunguko ni ndogo mno, huku mwanamke mmoja na mwingine wakitofautiana sana. Paula Radcliffe amesimulia kwamba alivunja rekodi ya dunia ya marathoni Chicago mwaka 2002 akiwa na maumivu ya hedhi. Jambo la kuogopesha zaidi ni hedhi inapokoma kabisa kwa sababu mkimbiaji anakula kidogo kuliko anavyochoma. Ubongo huzima uzazi kuokoa nishati, estrojeni inashuka, na mifupa inaanza kupasuka nyufa. Wapo makocha walioichukulia hali hiyo kama alama ya mwanamichezo aliyejituma. Namwelewa kocha huyo, kwa aibu, maana mimi nilizungushia 46 duara jekundu.

Thairoidi ni ya polepole kuliko karibu zote. Homoni iliyo kwenye kidonge changu hupungua nusu kwa muda wa kama siku saba, kwa hiyo damu huchukua wiki nyingi kutulia, na daktari alinikataza kupima tena kabla ya wiki sita. “Usije hapa baada ya siku kumi kuniambia haifanyi kazi,” alisema. Nilikuwa nimepanga kwenda siku ya kumi na mbili.

Nikaendelea kuandika. Wiki ya pili, mapigo 46, kilomita tano sikumaliza. Wiki ya nne, 49, na baridi ikaanza kuondoka; nililala bila soksi. Wiki ya saba TSH ilikuwa 6, daktari akaongeza kipimo kidogo. Wiki ya kumi na moja moyo ukafika 55, na kwa mara ya kwanza maishani nikafurahi kuona mapigo yangu ya asubuhi yakipanda. Siku hiyo kilomita tano zilichukua dakika 25 na sekunde 30. Zile 24 na sekunde 10 sijazipata bado, na rafiki yangu ameanza tena habari za umri. Safari hii huenda ana haki.

Yeye mwenyewe amenunua saa ya kuvaa mkononi inayohesabu mapigo usiku kucha. Juzi alinitumia picha ya kioo chake: 47. Nikampigia simu kabla hata ya kusalimia, nikamuuliza kama anasikia baridi.

“Nasikia joto,” akasema, “na jana nilikuacha kwa mita mia mbili, au umesahau?”